Mechi Tatu Zilizobaki

Makorora, Tanga
12 Februari 1990

Ndugu yangu Naushad,

Assalaam alaikum. Sijui kama barua hii itakufikia. Anwani nimeipata nyuma ya bahasha ya kadi ya Idi uliyomtumia mama mwaka 1984. Tangu hapo wewe kimya, na mimi kimya. Usinipe visingizio, nami sikupi vyangu.

Mama amefariki. Juzi tumemaliza arubaini yake. Jumatatu alikwenda sokoni kwa miguu yake, Alhamisi tukamzika. Dada Suhaila alikuja kutoka Wete akakaa mpaka khitma, jana amerudi kwa mumewe. Sasa nyumba nzima ninayo mimi na paka, na paka mwenyewe ni wa jirani.

Sikiliza sasa kilichonifanya nishike kalamu. Nilikuwa natoa vitu vyake chini ya kitanda, nikalikuta lile gunia. Unakumbuka mwaka 83, msako wa wahujumu uchumi ulipopamba moto, watu wakimwaga sukari chooni na kuchoma vitenge vipya? Baba yako alikuja kwetu amebeba kompyuta yako ndani ya shuka, jasho linamtiririka. Kuingiza kitu kile ilikuwa marufuku, naye alikuwa ameshakiingiza. Mama hakuuliza hata ni nini. Alisema, "Lete, mie n'takitia kwenye karafuu." Na karafuu zenyewe zilikuwa za magendo kutoka Pemba! Mpaka leo sijaelewa akili ile. Askari angefungua gunia angepata kesi mbili kwa kazi ya moja. Lakini hakuna aliyefungua, ninyi mkaondoka, na mama akalala juu yake miaka saba.

Ipo, Naushad. Kaseti ya mchezo wa mpira ipo, na vile vishikio viwili vya kuchezea vipo. Hata kile kifuniko cha boksi tulichoandikia matokeo kwa penseli kipo. Mechi tisini na saba: wewe 49, mimi 48. Tulisema tutafika mia.

Mafuta ya karafuu yamefuta herufi zote kwenye vitufe. Sijathubutu kuichomeka kwenye umeme. Niifanyeje? Mali ni yako.

Wako,
Massoud


Leicester
20 Aprili 1990

Massoud, ndugu yangu,

Waalaikum salaam. Barua yako imezunguka anwani mbili kabla ya kunipata. Nimeisoma nimesimama mlangoni, koti sijavua.

Mungu amrehemu mama yetu Bi Time. Mimi mkate wa mofa sijala tangu niondoke kwake. Alikuwa akinipakulia kwanza mimi mgeni, kisha wewe mwanawe, nawe ukinuna. Nimelia, sikufichi.

Ama kuhusu kompyuta, baba aliniambia ameitupa baharini. Kwa miaka saba nimemwekea kinyongo kwa jambo hilo. Nilipomsomea barua yako alicheka mpaka akakohoa, akasema, "Ningekwambia ipo, ungetaka turudi kuichukua." Mzee Karmali ni yuleyule. Miguu tu ndiyo haimtii tena.

Mimi sasa ni fundi wa kompyuta. Nina meza yangu dukani, kwa hiyo umeuliza mahali penyewe. Nakushauri kifundi: achana nayo. Ile ilikuja imeundwa tayari kiwandani, na nafasi ya kuiongezea kitu ni ndogo. Siku hizi mtu anayetaka kucheza ananunua vipande, boksi, ubao, kumbukumbu, kadi ya picha, anaunda yake mpya. Kuiongezea ya zamani ni kushona kiraka juu ya kiraka. Mafundi wenzangu wangekucheka.

Lakini najua wewe mbishi. Basi kwanza isafishe kwa mswaki mkavu, halafu spiriti. Usiichomeke kabla mtu anayejua hajaifungua. Ila nina wasiwasi mmoja: ikishawaka tutaandikiana nini? Bei ya sukari?

Baba anakusalimu.
Naushad


Makorora, Tanga
3 Juni 1990

Ndugu Naushad,

Mzee Karmali mpe shikamoo yangu, umwambie mama alikufa na siri yake.

Nimeipiga mswaki mashine wiki mbili. Kila kona inatoa vumbi la karafuu. Fundi redio mmoja wa Mabawa, anaitwa Luka, ameifungua mezani kwake, akaikagua na kuifunga. Anasema ndani haina kutu hata kidogo. Wadudu hawakusogea, na unyevu karafuu ziliunyonya. Unaona? Mama alikuwa fundi kuliko wewe na meza yako. Kilichokufa ni adapta ya umeme, na Tanga haipatikani. Kama utaweza kuipata huko, nitashukuru.

Mpya siitaki. Nimekusikia yote uliyosema kuhusu vipande, na pengine ni kweli. Lakini mechi tisini na saba hazikuchezwa kwenye hiyo mpya.

Hapa maduka yameanza kujaa. Sabuni ipo ya kila rangi, redio zipo, viatu vipo, hakuna anayeficha kitu. Kinachokosekana ni pesa za kununulia. Bandarini wamepunguza watu, mimi bado nipo kwenye mizani ya magunia, sijui mpaka lini. Nikitoka kazini napika ugali wa mtu mmoja. Ni kazi ngumu kuupima, kila siku unabaki.

Massoud


Leicester
2 Septemba 1990

Massoud,

Adapta anakuletea Mehreen, binamu yangu, anayekuja Tanga kumwona shangazi yake. Mkaribishe chai, ila usimwulize habari za baridi ya huku, hatamaliza.

Nakuomba ufikiri kwa mara ya mwisho. Kuanzia mwakani dukani kwetu tutakuwa tunaondoa vipande vya ziada. Ukikubali, nakufungia vyote ndani ya sanduku moja pamoja na karatasi ya maelekezo. Kwa siku mbili utakuwa umeunda mashine ambayo Tanga nzima hawajaiona. Sanduku moja, na kazi imekwisha. Hutanihitaji tena kukusumbukia.

Fikiri vizuri. Usiniandikie kwa ubishi.

Baba siku hizi hatoki kwenye kiti chake. Ananiuliza kila jioni kama umejibu.
Naushad


Makorora, Tanga
14 Oktoba 1990

Ndugu Naushad,

Mehreen amefika salama, na adapta imefika. Ya baridi sikumwuliza, amenieleza bila kuulizwa.

Tumeichomeka. Taa inawaka, lakini picha haiji. Televisheni ninayo, niliinunua kwa Uweso anayeleta vitu kutoka Dubai, na stesheni ya Zanzibar inashika vizuri tu. Ila nikiiunga na kompyuta, giza. Labda ni ule waya wa picha.

Kuhusu sanduku, usitume. Nimemwambia Uweso habari zake, naye ameruka kama aliyeshinda bahati nasibu. Anataka tuiweke hiyo mpya Mabawa, kwenye chumba chake cha mbele, watu walipie kucheza, tugawane. Anasema nikikataa mimi ni mwendawazimu, maana bandarini hakuna uhakika. Huenda ni kweli. Nimekataa.

Wewe nitumie kipande kimoja kimoja, pole pole. Sina haraka.
Massoud


Leicester
19 Januari 1991

Massoud,

Waya wa picha huu hapa ndani ya bahasha ya khaki. Uukunjue taratibu.

Theluji imeziba mlango, nimeshinda ndani na baba. Yeye anasinzia, mimi natazama ukuta. Hebu niambie, nani anakaa nyumbani kwetu Usagara siku hizi? Niambie ukweli, hata kama ni mbaya.
Naushad


Makorora, Tanga
10 Machi 1991

Ndugu Naushad,

Nimekwenda Usagara Ijumaa baada ya swala makusudi kwa ajili yako. Chini, palipokuwa duka lenu, wanauza mitumba, marobota yamepangwa mpaka kwenye ngazi. Juu kuna mwalimu Kristina na mama yake. Dirisha lako bado lina kile kioo ulichokipasua kwa mpira, wamekibandika karatasi ya kalenda. Kristina aliniona nikikodoa macho, akauliza kama nina shida. Nikamwambia rafiki yangu alikuwa akilala pale. Akasema, "Basi karibu," nikaona haya, nikaondoka.

Waya umefika na picha imekuja! Uwanja wa kijani umejaa skrini yote. Lakini hitilafu nyingine imejitokeza. Sauti hakuna. Luka anasema spika ya ndani ya mashine imekufa. Hivyo bado hatujafika. Kama huko spika za ndani zinapatikana, nifanyie hisani.

Massoud


Leicester
5 Mei 1991

Massoud,

Spika hiyo hapo. Ifunge ndani, upande wa kushoto, waya mwekundu juu. Usikosee upande.

Kisha niambie.
Naushad


Makorora, Tanga
7 Julai 1991

Ndugu Naushad,

Nimeifunga upande wa kushoto kama ulivyoelekeza, waya mwekundu juu. Inatoa sauti ila inakoroma. Luka anashuku kuna kitu kingine nyuma yake. Wewe waonaje?

Mzee Karmali vipi? Hukumtaja safari hii.
Massoud


Makorora, Tanga
16 Februari 1992

Ndugu yangu Naushad,

Miezi saba sasa. Novemba nilikuandikia kipande kifupi, hakikujibiwa. Kila Jumamosi nakwenda posta, karani ameshanizoea, akiniona tu anatikisa kichwa kabla sijafika dirishani. Nimejiuliza kama umehama, kama unaumwa, kama nimekukera. Mwisho nimeona umechoka na hitilafu zangu, na una haki.

Basi acha niseme. Mashine ni nzima. Ni nzima tangu siku aliyokuja Mehreen.

Adapta ndiyo ilikuwa dawa yake yote. Niliichomeka Jumapili ileile baada ya adhuhuri. Picha ikaja, kaseti ikapiga kelele zake, wachezaji wakatoka uwanjani. Ilipopata joto chumba kizima kikanuka karafuu, nikageuka kutazama jikoni. Nilimtazamia mama, Naushad, mtu mzima mimi.

Nikashika kishikio changu. Chako kilikuwa pale kwenye mkeka. Timu yako ilisimama tu, hakuna wa kuisogeza. Nikafunga mabao kumi na moja bila kuzuiwa na mtu. La kumi na moja sikulimaliza kulitazama, nikazima, nikakaa pale nikalia mpaka paka wa jirani akatoka nje.

Hapo nikakumbuka ulivyoandika: ikishawaka tutaandikiana nini? Wewe ulikuwa unatania. Mimi haikunichekesha. Nilikaa mezani nikakuandikia kwamba picha haiji. Sanduku lako nililikataa kwa sababu hiyohiyo. Ungetuma vyote mara moja, ningeunda siku mbili, kisha nini? Nimempoteza mama, sikuwa na nguvu ya kupoteza na barua. Uweso hasemi nami mpaka leo.

Waya wako ninao haujafunguliwa. Spika nimeiweka kwenye redio ya mama, inalia vizuri sana.

Nisamehe kwa fedha zako na kwa uongo wangu. Hudaiwi barua. Ila kama u mzima, niandikie hata mstari mmoja wa kusema u mzima.

Massoud


Leicester
22 Machi 1992

Massoud, ndugu yangu,

Ni mzima. Baba ndiye aliyetutoka. Alikufa Agosti mwaka jana akiwa kwenye kiti chake, redio ikisema. Barua yako ya Julai ilikuwa mfukoni mwangu, nilikuwa nimepanga kumsomea baada ya chakula. Niliona nikikaa kukujibu nitalazimika kuliandika neno hilo, na nikiliandika litakuwa kweli. Siku zikapita, kisha nikaona aibu ya siku zilizopita. Shenaz, dada yangu, hupiga simu kutoka Kanada kila Jumapili, tunaongea dakika tano, namwambia mambo mazuri. Kisha nakaa. Kiti kile bado kipo, siwezi kukikalia wala kukitoa.

Sasa na mimi niseme yangu.

Nilijua. Si tangu Oktoba, hapo ulinipata. Lakini barua yako ya Machi mwaka jana niliisoma mara mbili. Mashine ile haina spika ya ndani, Massoud! Haijawahi kuwa nayo. Sauti inatoka kwenye televisheni. Umesahau baba alivyokuwa akipiga kelele kutoka dukani tupunguze televisheni, wateja hawasikii bei? Nikajua kama sauti unaitafuta ndani ya mashine, basi hakuna kinachotafutwa. Nikaenda nikanunua spika ya redio. Nikakuandikia uifunge upande wa kushoto, nikasema, tuone. Ukanijibu umeifunga upande wa kushoto! Nilicheka peke yangu kwenye basi, watu wakahama kiti.

Sikukufichua kwa sababu nami nilitaka mashine iendelee kuumwa.

Na la mwisho. Mimi si fundi. Sina meza wala duka. Nafungasha soksi kiwandani, jozi sita kwa pakiti, mwaka wa saba huu. Mambo ya ubao na kumbukumbu nilikuwa nikiyanakili maktaba kutoka kwenye magazeti, Jumamosi, ili nikuandikie wewe. Ndiyo maana nilikusukuma uunde mpya, magazeti yote yanasema hivyo. Vile vipande vya ziada havikuwapo. Ungekubali sanduku, sijui ningelitoa wapi. Nilitaka tu uone kuna mmoja wetu aliyefika mahali.

Kwa hiyo usiniombe radhi. Kama kuna radhi, tugawane.

Likizo yangu ni Agosti. Sina pa kwenda nayo. Kila mwaka nashinda ndani.

Usinyamaze kama nilivyonyamaza. Niambie, imeharibika nini tena?
Naushad


Makorora, Tanga
19 Aprili 1992

Ndugu yangu Naushad,

Inna lillahi wa inna ilaihi rajiun. Nilipomaliza kusoma nilikwenda Usagara, nikasimama ng'ambo ya barabara, nikamsomea mzee Karmali Fatiha nikitazama mlango wa duka. Mwenye mitumba alidhani nachagua koti. Mungu amlaze pema. Alinipa peremende kila nilipopita, na kila mara alisema ni ya mwisho.

Soksi si aibu. Mimi napima magunia. Ungeniambia tangu mwanzo, ningekuomba jozi mbili.

Uweso nimemfuata mwenyewe. Amenitukana kwanza, kisha amenipa chai. Nimemwambia sanduku halikuwapo kabisa, amecheka mpaka akamwaga yake.

Umeuliza imeharibika nini. Safari hii sidanganyi. Ni kishikio cha pili. Luka amekifungua, waya mzima, kitufe kizima. Shida yake ni kwamba kikikaa peke yake hakichezi, na kinachokosekana hakipiti posta.

Godoro la mama nimelianika siku tatu mfululizo. Bado linanuka karafuu, utavumilia. Chini ya kitanda ni patupu, weka sanduku lako la nguo.

Ile mechi ya mabao kumi na moja sikuiandika. Kifuniko kipo kama ulivyokiacha, 49 kwa 48. Penseli nimeichonga.

Massoud